Anzeni na Ukuta wa Ubavuni: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia The Hermitage

Kwa Wajumbe wa Bodi ya Andrew Jackson Foundation, mnaoiendesha The Hermitage, Nashville;
Kwa Serikali ya Jimbo la Tennessee, mmiliki wa nyumba na ardhi yake.

YAH: OMBI LA KUANZISHA ZIARA YA WAGENI KWENYE MATOFALI

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa fundi mwashi. Kazi hii niliianza Kasulu, mkoani Kigoma, kwa kukanyaga udongo na kubeba maji muda mrefu kabla sijaruhusiwa kushika mwiko, na sasa naifanya hapa Tennessee. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu watu wengi tunaoishi nao Nashville, waliotoka Kongo, Burundi na Tanzania, hukisoma kwa raha kuliko Kiingereza, nami nataka wajue naomba nini kwa niaba yao. Mkihitaji mkalimani, jiji hili halikosi.

Ombi lenyewe ni fupi. Mgeni akifika, asianzie mbele ya nyumba, chini ya zile nguzo nyeupe. Aanzie ubavuni, kwenye ukuta ambao matofali yake yako wazi. Aambiwe kwanza matofali yale yalitoka wapi na yalipitia mikono ya nani. Habari za Rais Andrew Jackson, mwenye nyumba, zitafuata, wala hazitapotea. Zimeandikwa vya kutosha.

Kwa wasomaji wenzangu ambao hawajafika, nieleze kidogo. Nyumba ipo kama maili 10 mashariki ya katikati ya jiji. Andrew Jackson, aliyekuja kuwa Rais wa saba wa Marekani, alinunua shamba la ekari 425 mwaka 1804, akakaa humo na mkewe Rachel katika nyumba ya magogo kwa zaidi ya miaka 15. Nyumba ya matofali ilianza kujengwa 1819, ikamalizika 1821: vyumba vinne chini, vinne juu, na ukumbi mpana unaokatiza katikati kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Hiyo ndiyo iliyokuwa ramani ya kawaida ya mwenye shamba aliyejaliwa huku Kusini, na moja ya sababu zake anaijua kila aliyekulia kwenye joto: fungua milango yote miwili, upepo upite.

Mwaka 1831, Jackson akiwa tayari Ikulu, mjenzi David Morrison aliongeza mabawa mawili ya ghorofa moja, upande huu maktaba, upande ule chumba cha kulia chakula, akaweka na baraza ya nguzo mbele. Haikupita muda. Tarehe 13 Oktoba 1834 moto ulitokea kwenye dohani ya chumba cha kulia, ukashika paa, ukateketeza ghorofa ya juu. Sehemu kubwa ya vyombo vya chini iliokolewa. Mafundi Joseph Reiff na William Hume wakaijenga upya juu ya msingi ule ule na kuta zilizosalia, kazi ikaisha 1836, safari hii kwa mtindo wa kuiga mahekalu ya Wagiriki, ambao ndio uliokuwa fasheni. Nguzo sita ndefu zikasimama mbele. Ndani ikawekwa ngazi inayopinda kwenda juu bila nguzo ya kuibeba, kazi ya seremala ambayo hata mimi mtu wa udongo naivulia kofia. Kuta za ukumbini zikabandikwa karatasi zilizochapwa Paris, zenye picha za Telemachus akimtafuta baba yake. Watalii huzipenda sana karatasi hizo. Mimi huzipita.

Ninachowaomba mkitazame ni rangi. Uso wa mbele wa nyumba ulipakwa rangi baada ya moto ili kuficha matofali yaliyoungua. Nguzo nazo ni mbao, na rangi yake ilitiwa mchanga ili macho yadhani ni jiwe. Sisemi hivyo kwa kubeza. Kuipa mbao sura ya jiwe ni ufundi unaojulikana tangu zamani, na hata sisi huchora mistari kwenye lipu ili nyumba ionekane ya mawe. Ila fikirini maana yake kwa mtu anayeanzia mbele: anaanzia upande ambao nyumba imefichwa zaidi kuliko pande zote. Anaona hekalu jeupe. Akitoka hapo, kila atakachoambiwa kuhusu udongo, jasho na viboko kitakuwa nyongeza kwenye picha ambayo tayari imeshakaa kichwani mwake, na njia ile ya magari yenye umbo la gitaa, iliyopandwa mierezi kandokando, iliwekwa makusudi ili picha hiyo ikae vizuri.

Ubavuni hakuna hekalu. Kuna tofali, na ukuta wake umevumilia moto ulioila mbao yote iliyokuwa juu yake. Umevumilia kwa sababu ulishapita motoni kabla haujawa ukuta.

Nieleze basi jinsi tofali la zama zile lilivyopatikana, kwa kuwa naona watu wengi, hata wasomi wa majengo, hulitaja kwa neno moja, kana kwamba liliota. Nyinyi wenyewe mnaeleza kuwa matofali ya nyumba hii yalitengenezwa hapo hapo shambani, na nguvu kazi ya shamba ilikuwa watumwa. Kwa desturi ya mashamba ya wakati ule, udongo ulichimbwa baada ya mavuno ukaachwa nje majira yote ya baridi, barafu iupasuepasue na kuulainisha. Ilipofika majira ya joto ulimwagiwa maji, ukakanyagwa kwa miguu ya watu au ya wanyama, mawe na mizizi ikaondolewa kwa mkono. Jiwe dogo tu likibaki ndani, tofali hupasukia tanuruni.

Kisha ndipo kufyatua. Donge la udongo linarushwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya mbao iliyotiwa mchanga ili lisigande, linasawazishwa juu kwa kibao, na mbebaji analikimbiza uwanjani kulianika, anarudi mbio kuchukua jingine. Kikundi kilichozoea kiliweza kutoa matofali karibu 2,000 kwa siku. Tofali bichi la vipimo vya kule lina zaidi ya kilo mbili. Kwa hiyo mbebaji au wabebaji wawili walihamisha zaidi ya tani nne za udongo mbichi kutwa, wakiinama kila mara kwa uangalifu, maana ukilishika vibaya linapinda. Kazi hiyo ya kubeba ilipewa watoto mara nyingi. Ndiyo maana alama za vidole katika matofali ya kale huko Kusini, zikipimwa, nyingine huwa ndogo mno kuwa za mtu mzima.

Baada ya hapo ni kugeuza ili yakauke pande zote, kuyapanga wima, kuyafunika mvua ikitishia, halafu kujenga tanuru. Wengi wakisikia tanuru hufikiri ni jengo la kudumu. Tanuru la shambani ni matofali mabichi yenyewe, maelfu, yamepangwa mrundo mkubwa kwa nafasi zilizopimwa kwa jicho, chini yameachiwa mifereji ya kuingizia kuni, nje yamekandikwa tope. Moto unawashwa kidogo kidogo mwanzoni ili maji yatoke polepole, na moshi wa siku za mwanzo ni mvuke mweupe. Mvuke ukiisha ndipo kuni zinasukumwa usiku na mchana kwa siku kadhaa. Anayelichunga tanuru halali. Moto ukipungua, ya katikati yanatoka mabichi. Ukizidi, yanayeyuka na kushikana, huyabandui tena. Kisha linaachwa lipoe lenyewe kwa siku nyingi, na mwenye haraka akilibomoa mapema hewa baridi inayapasua.

Kasulu tunachoma hivyo hivyo hadi leo. Hakuna kipimajoto. Mtu anasoma rangi ya moto kwenye matundu, anasoma moshi, anatazama mrundo umeshuka kiasi gani, kwa sababu udongo ukiiva husinyaa. Mzee aliyenifundisha aliweza kunusa tu akajua kuni za upande mmoja ni mbichi. Ndiyo sababu nikisoma mahali "nguvu za watumwa" zimetajwa kama vile ilikuwa misuli peke yake, huwa sikubali. Kulea tanuru ni elimu. Aliyeijua elimu hiyo hapo Hermitage alistahili kuitwa fundi sawa na Morrison, sawa na Reiff na Hume.

Lakini majina tunayoyajua ni ya hao watatu.

Jackson alipoanza shamba mwaka 1804 alikuwa na watumwa tisa. Alipofariki hapo hapo mwaka 1845 walikuwa karibu 150. Ukijumlisha vizazi viwili vya familia hiyo, waliotumikishwa ni zaidi ya watu 300. Mwaka ule ule wa 1804 aliweka tangazo gazetini kumtafuta mtu aliyemtoroka: zawadi ya dola 50 kwa atakayemrudisha, na dola 10 za ziada kwa kila viboko 100 atakavyochapwa, hadi viboko 300. Naliandika hili kwa sababu kuna wanaosema Jackson alikuwa bwana mpole kwa kipimo cha siku zake. Kipimo kipo gazetini, kwa dola na kwa idadi ya viboko, na viboko 300 ni kumuua mtu polepole.

Waliofanya kazi mashambani walikaa upande wa nyuma kabisa, mbali na nyumba kubwa, katika vijumba vya chumba kimoja vya futi kama 20 kwa 20. Wachimbaji wenu wa mambo ya kale wameufukua uwanja huo tangu miaka ya 1970 na kuendelea, na wamepata shanga, vifungo, mifupa ya nyama walizokula, hata hirizi ndogo za madini zenye umbo la ngumi. Baadhi ya vijumba vilijengwa kwa matofali. Hapo ndipo napenda mgeni asimamishwe kwa muda mrefu: tanuru lile lile, udongo ule ule, kule ukapewa nguzo na karatasi za Paris, huku familia nzima ndani ya chumba kimoja. Ukuta wa ubavuni ndio unaounganisha sehemu hizi mbili. Nguzo haziwezi, kwa sababu upande wa pili hakuna nguzo.

Kitu kingine kuhusu ukuta huo. Tofali lililokaa karibu na mfereji wa moto hutoka jeusijeusi, gumu, ukiligonga linaita. La pembezoni mwa tanuru hutoka na rangi ya waridi, laini, linanyonya maji. Mwashi huyachagua: magumu nje na kwenye msingi, laini ndani ya unene wa ukuta. Kwa anayejua kusoma, ukuta ulioachwa bila rangi ni daftari la tanuru, linaonyesha kuni zilipotosha na zilipokosekana. Na si rangi tu. Montpelier, nyumba ya matofali ya James Madison huko Virginia, alama za vidole vya waliofyatua zinaonekana kwenye matofali, na wenyeji wa pale wameziweka mbele ya macho ya wageni badala ya kuziacha ziwe siri ya watafiti. Boone Hall, karibu na Charleston, Carolina Kusini, kuna vijumba tisa vya watumwa vya matofali vilivyosalia, na nyumba kubwa inayopigwa picha za harusi ilijengwa 1936 tu. Vijumba ni vikongwe kuliko jumba! Shamba lile lilikuwa kiwanda hasa: katikati ya karne ya 19 watumwa 85 walihesabiwa kufyatua matofali kama milioni nne kwa mwaka, mengi yakapelekwa Charleston.

Naomba basi muwaite waashi, wazee kwa vijana, wa hapa na wa kwetu, wapite ukuta hadi ukuta pamoja na wataalamu wenu, watafute vidole. Picha zipigwe, mahali paandikwe, kila alama ipewe namba. Alama ya kidole haina jina, lakini ni ya mtu mmoja na si ya mwingine, na kwa watu ambao karani wa shamba aliwaandika pamoja na nyumbu na majembe, huo si ushahidi mdogo.

Mtaniuliza mtu wa Kigoma anatafuta nini kwenye habari hii. Nitajibu kwa tarehe. Tarehe 21 Septemba 1833, Jackson akiwa Rais, mjumbe wake Edmund Roberts alitia saini huko Muscat mkataba wa urafiki na biashara na Sayyid Said bin Sultan, ambaye himaya yake ilifika Zanzibar. Mwaka 1837 Marekani ikawa na konseli wake Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta nguo ya merikani, iliyofumwa katika viwanda vya kaskazini kwa pamba ya mashamba ya Kusini, na pamba ndiyo iliyokuwa zao kubwa la The Hermitage. Wakaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Merikani ilibebwa kichwani hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ikawa fedha: wapagazi walilipwa kwayo, hongo za njiani zilitolewa kwayo. Na mikono iliyochuma karafuu Unguja na Pemba ilikuwa mikono ya watumwa, wengi wao wametolewa bara, ambako ndiko kwetu. Pamba ililimwa na mtumwa mmoja ng'ambo ya Atlantiki, ikanunua jasho la mtumwa mwingine ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisimama mbele ya nyumba hii hasimami kwa watu asiowajua. Na hatuna mikono safi ya kuwanyoshea wengine kidole. Mrima yote, yaani pwani yetu ya bara, ina majumba mazuri ya chokaa na matumbawe ambayo waliochoma ile chokaa hawatajwi.

Najua pingamizi zitakuwepo. Ya kwanza ni kwamba wageni wanakuja kumwona Rais. Sawa, watamwona. Watamwona vizuri zaidi, nadhani, wakishajua alikuwa mtu anayemiliki tanuru na watu waliolilea. Mtu huyu aliyetia saini mwaka 1830 sheria ya kuwahamisha Wahindi Wekundu kutoka ardhi zao, hadi Wacherokee wakapitishwa Nashville kwa miguu mwaka 1838, alijenga kwa udongo wa ardhi iliyokuwa ya wengine. Habari hizi mbili zinakutana kwenye tofali, hazikutani kwenye nguzo.

Ya pili ni Alfred. Kila nyumba ya namna hii ina mtu wake wa kutolewa mfano, na hapa ni Alfred Jackson. Alizaliwa mtumwa hapo hapo karibu mwaka 1812, mama yake Betty akiwa mpishi. Alilea farasi na magari ya kukokotwa. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani na ukombozi alibaki, akalima kama mpangaji, na uzeeni akawa ndiye anayewatembeza wageni. Alifariki 1901, akazikwa bustanini karibu na kaburi la Jackson, na jiwe lake linamwita mtumishi mwaminifu wa Jackson. Watu husema: tazameni, walipendana. Mimi sijui moyo wa Alfred ulisema nini na sitaki kumsemea. Najua tu kwamba huyu ndiye aliyepata jiwe. Na najua ziara za nyumba hii, miaka ile ya mwanzo, zilipita mdomoni mwa mtu aliyezaliwa mtumwa ndani ya uzio wake. Kumrudishia fundi wa udongo nafasi ya kwanza katika ziara ni kurudi kulikoanzia, si uzushi wa vijana wa leo.

Waliokosa jiwe mmewatafuta wenyewe, nami nawashukuru kwa hilo bila kinyongo. Desemba 2024 mlitangaza kwamba mmepata kwenye msitu, futi kama 1,000 kaskazini-magharibi ya nyumba, eneo linaloelekea kuwa makaburi ya watumwa, angalau 28, baada ya kupekua kumbukumbu za zamani na kupitisha rada ya ardhini. Hamkuwafukua waliozikwa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Naomba ziara iishie pale. Mgeni aanze kwenye ukuta, apelekwe ulikochimbwa udongo ikiwa mahali panajulikana, aende kwenye vijumba, aingie nyumba kubwa aone ngazi na karatasi na kitanda alichofia Jackson, kisha atembee kwa miguu hadi msituni. Njia iwe ya kupitika kwa wazee na viti vya magurudumu. Pasiwe na duka la zawadi mwishoni mwa njia hiyo. Duka lina mahali pake mlangoni na linatosha pale.

Wala si jambo ambalo halijafanywa. Whitney, huko Louisiana, ilifunguliwa Desemba 2014 ikiwa shamba la makumbusho linaloanza na waliotumikishwa, na nyumba ya bwana ikawa ya mwisho katika njia ya mgeni. Watu wanalipa, wanakuja, wanatoka wamenyamaza. Sijasikia aliyedai fedha zake kwa sababu hakuonyeshwa sebule kwanza.

Sasa suala la nani anaamua. Hapa Montpelier ina somo la kuchukua, na sehemu yake ni ya aibu. Juni 2021 bodi ya pale ilipiga kura kugawana madaraka sawa na kamati ya wazao wa watumwa wa shamba lile. Machi 2022 ikageuka na kubadilisha utaratibu. Wafanyakazi wakapiga kelele, vyombo vya habari vikaandika, na Mei mwaka huo huo wajumbe wapya 11 kutoka orodha ya kamati ya wazao wakachaguliwa. Wangeweza kufika hapo bila kuvunja ahadi katikati. Nanyi, ninawaomba: wazao wa watu wale zaidi ya 300 wapewe viti ndani ya bodi kwa katiba yenu, vyenye kura, visivyotegemea hisani ya mwenyekiti wa mwaka huu au ujao. Serikali ya Jimbo, ambayo iliinunua nyumba hii mwaka 1856 na ikaikabidhi mwaka 1889 kwa chama cha akina mama waliotaka kuiokoa, inaweza kuliweka hilo kama sharti. Mwenye mali ana haki ya kusema.

Kuna mawili matatu ya kifundi, na humo naongea kwa uhakika zaidi. Matofali ya kale ni laini kuliko ya kiwandani, na yalilazwa kwa chokaa, ambayo huachia unyevu upite. Fundi asiyejua akijaza viungo kwa saruji, unyevu unakosa njia, unatokea usoni mwa tofali, na baridi ya Januari ikiugandisha, uso unabanduka kama ganda. Nimeona kuta za nyumba za watu hapa mjini zilizoharibiwa hivyo na mtu aliyelipwa vizuri. Kwenye nyumba yoyote ya umri huu, na hasa kwenye vijumba na misingi ambayo haina mvuto wa watalii, kila ukarabati uandikwe chokaa ilikuwa ya aina gani na mchanga ulitoka wapi. Kusafisha kwa mchanga wa kurushwa kwa shinikizo kupigwe marufuku kabisa, kwa maandishi: ganda gumu la nje la tofali ndilo lililoivishwa na moto, likiondoka halirudi, na vidole tunavyovitafuta viko hapo hapo juu.

La mwisho ni tanuru. Kila mwaka, majira ya joto yanapoisha, fyatueni na chomeni matofali machache hadharani, kwa njia ya zamani. Mtoto wa shule akibeba tofali bichi 20 tu kutoka mezani hadi uwanjani, ataelewa jambo ambalo bango halimwelezi. Sharti liwe moja: isifanywe mchezo wa kuigiza, asivalishwe mtu matambara. Wafanye mafundi, kwa nguo zao za kazi, walipwe kwa saa kama fundi yeyote, na wazao wa shamba wawe wa kwanza kuulizwa kama wanataka jambo hilo lifanyike na lifanyikeje. Wakikataa, lisifanyike. Matofali yatakayopatikana yatumike kukarabati misingi ya vijumba, ambayo daima inahitaji tofali linalolingana na la kale na hupati dukani.

Kuhusu gharama, kubadilisha mahali pa kuanzia ziara hakuhitaji bajeti. Ni kumwambia mwongozaji apinde kulia au kushoto kabla ya ngazi za baraza. Mnaweza kulifanya Jumatatu. Karatasi ya maelezo kwa Kiswahili, kurasa mbili, tutaitafsiri wenyewe bila malipo, nayo ipelekwe kwenye makanisa na misikiti yetu ili watu wajue wanakaribishwa; wengi wanapita karibu na nyumba hii kila siku wakienda kazini kwenye maghala na hawajawahi kudhani inawahusu.

Mkiamua kuhusu tanuru, kalibu za mbao ninazo, na wenzangu watatu wanaojua kulichunga usiku wako tayari. Tunachohitaji kujua mapema ni aina ya kuni mtakazotupa, kwa sababu mierezi haifai.

Wenu,
Fundi mwashi, Nashville